Rafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Programu ya Kutafuta Vitabu vya Maktaba

Majibu haya yameandikwa na mwanafunzi wa chuo, mkazi wa Chumbageni, Tanga, ambaye ndiye aliyeanzisha programu ya simu iitwayo Rafu. Maswali yenyewe yametoka kwa wanafunzi wenzangu, kwa walimu, kwa wakutubi wawili watatu walionivumilia, na kwa waandishi wa programu waliotaka kujua kwa nini jambo fulani limefanywa hivi na si vile. Nimeyapanga kwa kadiri yanavyoulizwa, si kwa uzito wake.

Rafu inafanya kazi gani hasa?

Rafu ni programu ya simu za Android inayomwezesha mtu kutafuta katika katalogi za maktaba zaidi ya moja kwa mara moja, akajua kama kitabu anachokihitaji kimo, kimo katika maktaba ipi, kina namba gani ya rafu na, pale maktaba inapotoa taarifa hiyo, kama kimeazimwa au kipo. Haja yake ilianzia kwenye nauli. Anayekaa Pongwe au Amboni hupanda daladala hadi mjini, akafika maktaba, akauliza mezani, na mara nyingi akaambiwa kwamba kitabu hicho hakijawahi kuwapo. Nauli ya kwenda na kurudi imekwenda, na mchana nao umekwenda. Nilitaka jibu hilo la "hakipo" limfikie mtu akiwa bado barazani kwake.

Kwa nini iitwe Rafu?

Kwa sababu rafu ndiko kitabu kinakokaa. Wapo walionikumbusha kwamba uwanjani rafu ni jambo la kuonyeshwa kadi ya njano, nami sikuwa na jibu la kuwapa zaidi ya kucheka. Jina limebaki.

Je, nitaweza kusoma kitabu chenyewe ndani ya simu?

Hapana. Katalogi inaeleza kitabu kilivyo na mahali kilipo. Kusoma kunabaki kuwa kazi yako na ya maktaba.

Kwa nini nisitafute Google tu?

Mitambo ya kutafutia ya intaneti hupita kurasa kwa kufuata viungo vinavyotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Rekodi nyingi za katalogi, yaani maelezo ya kitabu kimoja kimoja, hazina ukurasa wa kudumu unaofikiwa kwa njia hiyo, kwa kuwa zimelala ndani ya hifadhidata na huonekana pale tu mtu anapouliza swali kupitia kisanduku cha maktaba husika. Ndiyo maana ukitafuta kitabu Google hukupeleka kwa anayekiuza ng'ambo, nacho kipo rafuni umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwako.

Simu inazungumzaje na katalogi ya maktaba?

Hapa pana historia kidogo, na ninaomba msomaji asiiruke, kwa kuwa karibu kila tabia ya Rafu, nzuri na mbaya, inatokana nayo.

Katalogi ya kompyuta imejengwa kwa rekodi. Muundo wa rekodi unaotumiwa na maktaba nyingi duniani unaitwa MARC, nao ulibuniwa miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya Henriette Avram, ambaye alikuwa mtaalamu wa kompyuta na hakusomea ukutubi. Katika MARC kila taarifa ina namba yake: 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 020 ni ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, 650 ni mada. Toleo linalotumika sasa, MARC 21, ni la mwaka 1999. Muundo huu ulizaliwa wakati data zilihifadhiwa katika tepu za sumaku, na alama za tepu hizo haujaziacha: rekodi huanza na herufi 24 zinazoeleza urefu wake na mahali data zinapoanzia, kisha hufuata fahirisi ambayo kila kiingizo chake kina herufi 12. Mwanafunzi aliyezoea miundo ya kisasa huuona wa ajabu kwa wiki nzima, halafu huanza kuuheshimu.

Baada ya rekodi kuna itifaki, yaani taratibu za kuuliza na kujibu. Kongwe kati yake ni Z39.50, ambayo ilianza kuandaliwa miaka ya 1970, ikatolewa kama kiwango cha Marekani mwaka 1988, na mwaka 1998 ikapewa namba ya kimataifa ISO 23950. Itifaki hii kwa kawaida hutumia mlango namba 210 wa mtandao na hutaka mazungumzo yabaki wazi tangu mwanzo hadi mwisho: unafungua, unauliza, seva, yaani kompyuta inayojibu maswali, inakukumbuka na kukushikia matokeo, unaomba sehemu inayofuata, ndipo unafunga. Kwa kompyuta ya mezani utaratibu huo hauna shida. Simu iliyo ndani ya daladala linalopita Mabokweni huhama kutoka mnara mmoja kwenda mwingine, mazungumzo yakakatika, na seva ikasahau ilikuwa ikizungumza na nani. Aidha, baadhi ya mitandao huziba milango isiyo ya kawaida, na 210 haimo katika milango ya kawaida.

Kwa sababu hiyo Rafu hutumia kwanza itifaki changa iitwayo SRU, ambayo ilitokana na Z39.50 lakini husafiri kwa njia ile ile inayotumiwa na kurasa za intaneti. Kila swali linasimama peke yake. Likikatika njiani, simu hulituma upya bila seva kuhitaji kukumbuka chochote. Maktaba yenye Z39.50 pekee hufikiwa kupitia programu ndogo ya ukalimani niliyoiweka kwenye seva, inayotumia YAZ, programu huria ya kampuni ya Index Data ya Denmark. Ukiona matokeo ya maktaba fulani yanachelewa kuliko ya nyingine, huenda yanapita kwa mkalimani huyo.

Ni maktaba zipi zinazotafutwa?

Yoyote iliyofungua mlango wa SRU au Z39.50 kwa umma na ambayo sijaombwa kuiondoa. Katika orodha imo Maktaba ya Bunge la Marekani, na watu hushangaa kuambiwa kwamba humo hupatikana vitabu vingi vya Kiswahili. Sababu ni kwamba maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, na kazi ya ofisi hiyo ni kukusanya machapisho ya Afrika Mashariki na nchi nyingine za ukanda huu na kuyaandikia rekodi. Hutapanda ndege kwenda Washington kwa ajili ya kitabu kilichochapwa Dar es Salaam, lakini rekodi yake itakupa jina kamili, mwaka, mchapishaji na ISBN, na kwa taarifa hizo mkutubi wa hapa nyumbani anaweza kukutafutia bila kubahatisha.

Ipo pia maktaba ndogo ya shule moja ya sekondari hapa mjini, ambayo vitabu vyake havifiki elfu mbili. Hiyo tuliiandikia rekodi sisi wenyewe, nami nitaieleza mbele kidogo.

Je, Rafu ni ya serikali au ya Bodi ya Huduma za Maktaba?

La. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ni taasisi ya umma iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, nayo haihusiki na programu hii. Rafu ni kazi ya mwanafunzi na wenzake waliojitolea.

Nikitafuta vitabu vya Shaaban Robert napata orodha mbili au tatu tofauti. Kuna kasoro?

Kasoro ipo, ila haimo katika simu yako. Mwandishi huyu, aliyezaliwa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, ndiye aliyenifundisha ugumu wa kazi hii kuliko mwalimu yeyote wa darasani. Katalogi moja humwandika "Robert, Shaaban", nyingine "Shaaban Robert" bila kugeuza, na nyingine humwandika kwa "a" moja, "Shaban". Kwa kompyuta hao ni watu watatu.

Chanzo cha kugeuza majina ni desturi ya nchi ambako jina la mwisho ni la ukoo. Kwetu mara nyingi jina la pili ni la baba, kwa hiyo kumweka mtu chini ya jina hilo ni kumpanga rafuni chini ya baba yake. Wakutubi wamekuwa wakilijua tatizo hili tangu enzi za katalogi za kadi, na dawa yao ni orodha ya majina yaliyokubaliwa, ambamo namna zote za kuandika jina huelekezwa kwenye moja. Kila maktaba ikiwa na orodha yake, au ikiwa haina kabisa, tatizo hurudi palepale.

Rafu hufanya mambo matatu. Hutafuta jina kwa mipangilio yote miwili. Huchukulia "aa" na "a" kuwa sawa inapolinganisha majina, na vivyo hivyo "Mohamed", "Mohammed" na "Muhammad", kutokana na orodha ambayo tumeikusanya kwa mikono. Tena huondoa alama zinazowekwa juu na chini ya herufi katika majina ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa hati ya Kilatini, kwa kuwa katalogi za ng'ambo huandika jina kama Abdallah kwa vipande viwili na alama zake, na hakuna mtu Makorora atakayeandika hivyo kwenye simu. Kinachobaki baada ya hapo Rafu hukionyesha kama kilivyo. Niliwahi kujaribu kuwaunganisha waandishi kwa nguvu, nikajikuta nimeunganisha watu wawili wasiojuana, mmoja mshairi na mwingine daktari wa mifugo.

Kwa nini nikiandika "mtoto" napata pia "watoto", lakini kwenye tovuti ya maktaba sipati?

Programu nyingi za kutafutia zimetengenezwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni: mtoto huwa watoto, kitabu huwa vitabu, ulimi huwa ndimi, jicho huwa macho. Mtambo unaokata mikia ya maneno hauwezi kuyaona hayo.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu, nami lilinijia, ni kukata kichwa badala ya mkia. Jaribu uone. Ukiondoa "ki" katika "kiti" unabaki na "ti". Ukiondoa "m" katika "mti" unabaki na "ti" ile ile, na anayetafuta kitabu cha useremala wa viti ataletewa upandaji wa miti. Siku niliyolijaribu hilo, mwenzangu aliniuliza kama programu inataka kumwonyesha kiti kilikotoka.

Kwa hiyo Rafu haikati ovyo. Ina jedwali la nomino za kawaida pamoja na umoja na wingi wake, na neno lisilokuwamo huachwa lilivyo. Kisha, kwa kuwa seva ya maktaba haijui lolote kuhusu jedwali hilo, simu hutuma swali lenye maneno yote mawili yakiunganishwa kwa "au". Jedwali hilo hilo lina jozi nyingine ambazo si umoja na wingi: "utenzi" huletwa pamoja na "utendi", ambalo ndilo umbo la lahaja za kaskazini kama Kiamu, na "tenzi" pamoja na "tendi". Anayechunguza ushairi wa kale wa pwani akitafuta kwa umbo moja tu hukosa sehemu kubwa ya kilichopo.

Namba kama 896.392 iliyo chini ya jina la kitabu ni ya nini?

Hiyo ni namba ya mpangilio wa Dewey, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1876, na ndiyo inayokwambia uende rafu ipi. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392, vitabu vinavyohusu lugha yenyewe, kama sarufi, ni 496.392. Mpangilio huu una upendeleo wa kwao: katika fungu la dini, Ukristo umepewa namba kuanzia 220 hadi 280 na ushei, na Uislamu wote umesukumwa ndani ya 297. Katika mji kama Tanga utaona matokeo yake kwa macho, rafu ya 297 imejaa hadi vitabu vinalazwa juu ya vingine, na namba zake zina tarakimu nyingi nyuma ya nukta. Andika namba nzima kwenye karatasi kabla ya kuingia, usiishie kwenye nukta.

Nimeskani msimbopau ulio nyuma ya kitabu, lakini Rafu inasema haukukubalika. Kwa nini?

Mara nyingi ni kwa sababu msimbopau huo ni namba ya ndani ya maktaba, kibandiko cha kuazimia, wala si ISBN. ISBN iliyo katika msimbopau huanza na 978 au 979 na ina tarakimu 13. Vitabu vya Tanzania hufuatisha 9976 au 9987 baada ya 978, na vya Kenya mara nyingi 9966, kwa hiyo hata kabla ya kutafuta unaweza kujua nchi ya mchapishaji.

Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki. Rafu huzidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa kupokezana, hujumlisha, na jumla isipogawanyika kwa 10 bila baki hujua kwamba kamera imesoma vibaya au aliyeandika amekosea, na haitumi ombi lolote. ISBN za zamani zenye tarakimu 10, zilizotumika hadi mwisho wa mwaka 2006, hukubaliwa pia. Programu huzigeuza na kutafuta kwa namna zote mbili, kwa kuwa rekodi nyingi hazikuwahi kusahihishwa. Katika kugeuza, kuongeza 978 mbele hakutoshi, maana tarakimu ya mwisho nayo hubadilika. Vitabu vilivyochapwa kabla ya mwaka 1970 havina ISBN; hivyo tafuta kwa jina.

Rafu inakula bando kiasi gani?

Kidogo sana. Simu huomba rekodi kumi kumi, na rekodi moja ni maandishi ya kilobaiti chache tu, hivyo ukurasa mzima wa matokeo ni mwepesi kuliko picha moja ya kawaida iliyopigwa kwa simu. Pale maktaba inaporuhusu, Rafu huomba rekodi katika muundo mwepesi wa Dublin Core, wenye vipengele 15 tu, na huleta rekodi kamili ya MARC unapogusa kitabu kimoja. Picha za majalada zimezimwa. Anayezitaka ataziwasha kwenye mipangilio.

Ulichokwisha kukitafuta hubaki ndani ya simu na husomeka bila intaneti. Katalogi ndogo, kama ile ya shule, hupakuliwa nzima mara moja na kutafutwa bila mtandao kabisa.

Rafu ilisema kitabu kipo. Nimefika maktaba, hakipo. Nani alaumiwe?

Mimi kidogo, na mambo mengine mengi. SRU kwa kawaida hutoa maelezo ya kitabu, na hali ya nakala yake kwa siku hiyo haimo ndani yake. Hali hiyo hutegemea mfumo wa maktaba na kama umeruhusu ionekane nje. Pale Rafu isipopata taarifa ya uazimaji huandika "ipo katika katalogi", na ninasisitiza kwamba maneno hayo hayana maana ya "ipo rafuni". Toleo la kwanza liliandika "Kipo", neno moja tu, na mama mmoja wa Maweni alikuja mjini mara mbili kwa ajili ya neno hilo. Nimelibadilisha kwa sababu yake.

Kitabu kinaweza pia kuwa kimewekwa rafu isiyo yake, au kimeibwa, au kiko kwa fundi wa kujalidi. Muulize mkutubi. Ukimwonyesha skrini yenye namba ya rafu utamrahisishia kazi.

Maktaba ya shule yetu ina daftari tu. Tunaweza kujiunga?

Mnaweza, ila programu ya simu ndiyo hatua ya mwisho. Nitaeleza tulivyofanya sisi, pamoja na tulipokosea.

Shule ilikuwa na daftari la kuandikishia vitabu, lenye safu za tarehe, jina la kitabu, mwandishi na idadi ya nakala. Tulianza kwa kunakili daftari hilo kwenye jedwali la kompyuta, na hilo ndilo lilikuwa kosa letu, kwa kuwa daftari huandika kilichopokelewa na halina habari za kilichobaki. Baada ya juma zima tuligundua kwamba sehemu ya tulichokiandika haikuwapo tena chumbani. Tukaanza upya, safari hii tukiwa tumekaa mbele ya rafu, kitabu mkononi: mmoja anasoma ukurasa wa jina na ule wa nyuma yake wenye habari za mchapishaji, mwingine anaandika. Kwa vitabu vyenye ISBN kazi ilikuwa nyepesi, kwani rekodi iliyokwisha kuandikwa na maktaba kubwa huvutwa ikiwa tayari. Vilivyobaki, vingi vikiwa vya Kiswahili na vya zamani, tuliviandika wenyewe, na hapo mkutubi mmoja mstaafu alitusaidia kuchagua mada.

Kwa mfumo wa maktaba tulichagua Koha. Nao ni programu huria, ulioandikwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ambazo mfumo wake wa zamani ulihofiwa kushindwa kuingia mwaka 2000. Neno koha ni la Kimaori na maana yake ni zawadi. Koha ina milango ya SRU na Z39.50 ndani yake, ila haifunguki yenyewe. Msimamizi lazima aiwashe. Shule isiyo na seva wala mtu wa kuitunza nisingeishauri ianze na Koha. Jedwali lililopangwa vizuri linatosha kwa kuanzia, nayo Rafu hulipokea kama faili.

Je, programu hii haitachukua kazi ya mkutubi?

Swali hili huulizwa kwa utani, lakini huulizwa. Rafu haiandiki rekodi hata moja. Kila inachokionyesha kiliandikwa na mtu aliyeshika kitabu, akaamua kinahusu nini, akakipa namba. Watu wa namna hiyo hapa nchini hufundishwa katika chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka kilichopo Bagamoyo, na pia vyuoni kwingine. Rekodi ikiwa mbovu, simu itaonyesha ubovu huo kwa kasi zaidi. Nikiulizwa fedha chache zilizopo zitumike wapi, kwenye programu yangu au kwenye mshahara wa mkatalogi mmoja, nitachagua mkatalogi.

Kuwa huria maana yake nini, na leseni ni ipi?

Maana yake ni kwamba msimbo wote wa programu uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Leseni ni GPL toleo la 3, ya mwaka 2007, inayomtaka anayesambaza toleo lake lililobadilishwa alitoe kwa masharti hayo hayo, pamoja na msimbo. Nilifikiria leseni nyepesi zaidi zisizo na sharti hilo, nikaziacha. Sikutaka siku moja nione jedwali la maneno ya Kiswahili lililokusanywa na wanafunzi wa Tanga limefungiwa ndani ya programu ya kulipia. Sehemu ya kusoma msimbopau ni ya ZXing, yenye leseni ya Apache 2.0, nayo inakubaliana na GPL 3.

Je, mnajua ninachokitafuta?

Rafu haina usajili, haina matangazo na haihesabu watumiaji. Historia ya utafutaji hubaki ndani ya simu yako na hufutika kwa kugusa mara moja. Maktaba unayoiuliza huona swali lako, na kwa zile zinazopitia seva ya ukalimani, swali hupita pia kwangu. Kumbukumbu za seva hiyo hufutwa kila siku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu taarifa za watu, na njia rahisi niliyoiona ya kuitii ni kutokusanya taarifa hizo tangu mwanzo.

Jambo moja sharti lisemwe wazi. Seva nyingi za katalogi bado hupokea maswali bila kuyasimba, yaani yakiwa yanasomeka na yeyote anayeyadaka njiani, na kuanzia Android 9 simu huzuia mawasiliano ya namna hiyo hadi mwandishi wa programu ayaruhusu. Nimeyaruhusu kwa seva zilizo katika orodha tu, na kando ya jina la kila moja utaona kufuli lililo wazi. Kwenye mtandao wa bure wa hoteli au stendi, fikiri kwanza kabla ya kutafuta jambo la siri.

Inapatikana kwa simu zipi?

Android 8 na kuendelea. Hupatikana kama faili la kusakinisha, na maombi ya kuiingiza katika F-Droid, ghala la programu huria, yamekwisha wasilishwa. Ada ya Google Play ni dola 25, hulipwa mara moja, nami nitailipa nitakapokuwa nayo. Kwa iPhone hakuna toleo: ada yake ni dola 99 kila mwaka, na kompyuta ya Mac sina.

Ni kweli kwamba Rafu iliwahi kuangusha seva ya maktaba?

Ni kweli. Katika toleo la awali kila herufi iliyoandikwa ilituma ombi jipya, kwa hiyo neno "historia" lilituma maombi manane. Nilikuwa nikiwaonyesha wenzangu darasani, wote wakaandika kwa pamoja, na seva ya maktaba moja, ambayo sitaitaja, ikanyamaza hadi kesho yake. Msimamizi wake alinipigia simu. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "Mwanangu, unajua hiyo unayoiita seva ni kompyuta iliyo chini ya meza yangu?"

Tangu siku hiyo Rafu haitumi kitu mpaka kitufe kiguswe, haiulizi maktaba moja zaidi ya mara moja kwa kila sekunde mbili, na hujitambulisha kwa jina katika kila ombi ili msimamizi anayetaka kuizuia aweze kuizuia.

Ninataka kusaidia, lakini sijui kuandika programu.

Msaada mkubwa zaidi unahitajika kwenye jedwali la maneno na orodha ya majina, ambayo ni mafaili ya maandishi ya kawaida. Ukitafuta jambo ukakosa kitabu unachojua kipo, tutumie maneno uliyoyaandika na jina la kitabu kama lilivyo kwenye jalada. Wanaojua Kidigo, Kibondei au Kisambaa wanakaribishwa kwa namna ya pekee, kwa kuwa majina ya watu na ya mahali katika vitabu vya historia ya mkoa huu yameandikwa kwa tahajia za kila aina, zikiwamo za Kijerumani za kabla ya vita vya kwanza, na hapo mimi peke yangu sifiki mbali.

Ukihitimu, nani ataitunza?

Programu nyingi za wanafunzi hufa juma baada ya mahafali, na sina ahadi ya kwamba hii haitakufa. Nilichofanya ni kuondoa sababu za kijinga za kifo. Maelezo ya kujenga programu kutoka kwenye msimbo yameandikwa kwa Kiswahili na kujaribiwa na mtu ambaye hakuwahi kuiona kabla ya siku hiyo. Orodha ya maktaba inaweza kubadilishwa bila kutoa toleo jipya. Watu watatu wana ruhusa ya kupokea mabadiliko. Ufunguo wa kusainia matoleo, ambao ukipotea simu zenye toleo la zamani zitalikataa jipya, una nakala tatu: moja ninayo, ya pili anayo mwenzangu aliye Bagamoyo, na ya tatu imo ndani ya bahasha, kabatini kwa mama hapa Chumbageni, naye ameagizwa asiichanganye na risiti za umeme.